Lori la Viazi la H na K

Nakuru, Jumamosi, saa tisa alasiri

Njoki, mama,

Uko saluni na mama yako tangu asubuhi mnasukwa nywele, na kwa jinsi ninavyowajua nyinyi wawili hamtarudi kabla ya saa kumi na mbili. Nina saa tatu basi za kuandika jambo ambalo nimeshindwa kulisema kwa miaka ishirini. Nimefunga kibanda mapema. Wateja wawili wamepiga simu kuulizia redio zao nikawaambia niko matanga. Mungu anisamehe, lakini fundi akisema amefunga kazi aandike barua, watu watadhani amelewa.

Sitakuambia habari za sweta wala pasipoti wala kula ukishiba. Mama yako ameyasema hayo mwezi mzima na kesho atayasema tena uwanja wa ndege mpaka askari awatenganishe. Mimi nataka kuzungumzia ile karatasi.

Unaijua karatasi ninayosema. Jumapili iliyopita ulirudi kutoka saiba ukaiweka mbele yangu nikinywa chai, ukaniambia umempata Harish. Harish yule yule ambaye tangu ukiwa mdogo nimekuwa nikikuambia kwamba aliniibia gemu yangu akaenda nayo Uingereza. Umempata kwenye jukwaa la mtandao ambalo watu wazima wanakutana kulilia gemu za zamani. Kumbe anaishi Leicester, mji ule ule unaokwenda kusomea kompyuta, na mmeshaandikiana, na Jumatatu atakuja na mkewe kukupokea kituoni. Ulinisomea alichokiandika pale, neno kwa neno. Kisha ukaikunja karatasi polepole ukaniuliza:

"Baba, huyu mtu haongei kama mwizi. Sasa nikimwona nitamwambia nini?"

"Msalimie tu," nikakujibu. Nikachukua kofia nikatoka, chai nikaiacha hapo mezani. Na wiki nzima kila ukifungua mdomo mimi naikumbuka redio ya mteja. Hii barua ndiyo jibu nililopaswa kukupa siku ile.

Lakini kwanza niache nilalamike kidogo, maana hao watu wa jukwaani siwaelewi kabisa. Nimesoma kurasa zote ulizoprinti. Mtu mzima, ana watoto, ana nyumba, anaandika kwamba akisikia ule mlio wa kaseti ikipakia gemu machozi yanamtoka. Mlio gani? Ule mlio ulikuwa kero tupu. Kaseti ilipiga kelele dakika saba kama paka aliyefungiwa ndani ya debe, na wewe umekaa hapo hupumui vizuri, kwa sababu mtu akigusa meza tu gemu inakataa na unaanza upya, dakika saba nyingine. Hayo ndiyo mtu analilia. Na wewe nawe unaingia saiba, unachukua kompyuta mpya kabisa unailazimisha ijifanye kikongwe, unacheza vigemu vya rangi nne, halafu unarudi kuniambia eti hizo ndizo gemu za ukweli. Njoki, hukuwepo. Sisi tungepewa kompyuta ya hiyo saiba, ile yetu tungeitupa shimoni bila kuangalia nyuma.

Nasema hivyo, na bado naweza kukuchorea ile stoo mpaka msumari wa ukutani. Hilo nalo linaniudhi.

Duka la baba yake Harish lilikuwa kule chini karibu na soko, wakiuza magunia, kamba na mbegu. Babu yako alikuwa mpakiaji kwenye malori ya viazi ya Mau Narok, na mimi ndiye nilikuwa natumwa kuchukua magunia na sindano za kuyashonea. Siku moja mzee wa duka akaniambia niingie stoo nijichagulie. Nikamkuta Harish, rika langu hasa, amekaa juu ya robota la magunia mbele ya televisheni ndogo, na magotini ana kitu cheusi chenye vitufe laini vya raba. Nilidhani ni redio iliyoharibika, nikajitolea kuitengeneza. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akasogea nikae. Mjomba wake alikuwa amemletea hiyo kompyuta kutoka ng'ambo, pamoja na rundo la magazeti yaliyochapishwa gemu mstari kwa mstari, kurasa na kurasa, na kazi ya msomaji ilikuwa kuzichapa zote mwenyewe kwa vidole vyake. Ukikosea nukta moja huna gemu. Tulikosea nukta miezi sita.

Ukuta wa pili kulikuwa na kinu cha kusaga unga. Kinu kikiwashwa, umeme ulinywea na kompyuta ikasahau kila kitu ulichoiambia tangu asubuhi. Kwa hiyo sisi tuliandika gemu Jumapili, na siku za kazi saa saba, mwenye kinu akienda kula. Siku za maharage alikula haraka na kurudi mapema. Hao wa jukwaani wanasimulia vijana wa Uingereza waliotengeneza gemu vyumbani mwao, mama zao wakiwaletea chai kwenye trei. Natamani mmoja wao angejaribu kuandika gemu akisikiliza kama mzee amemaliza maharage.

Tulipochoka kuchapa gemu za wenyewe, tukaandika yetu. Lori limejaa magunia ya viazi, linateremka kutoka Mau Narok wakati wa mvua. Ukiingia shimo, gunia linaanguka. Ukifika Nakuru ukiwa na magunia matatu, umeshinda. Harish hakuwa amewahi kupanda huko, nikamwombea nafasi kwenye lori. Alitapika kona ya tatu. Babu yako akamwonea huruma akampa kiazi cha kuchoma, akatapika na hicho, lakini alirudi na karatasi ya miraba yenye kila kona ya ile barabara. Mimi nilitaka ng'ombe.

"Wewe Kimani," aliniambia, "hii gemu yako iko na ng'ombe mingi kuliko barabara."

Akaniwekea wawili. Na hata hao wawili walitugharimu, maana memori ya kile kikompyuta ilikuwa ndogo ajabu. Ukiongeza kitu hapa, lazima utoe kingine pale. Ng'ombe wa pili alipoingia ilibidi tutoe matone ya mvua. Mvua ikabaki neno tu limeandikwa juu ya skrini. Tulizozana juu ya kila kitu, lakini zaidi juu ya nani aendeshe kwanza, kwa sababu gemu ilizoea kukwama kabla ya mtu wa pili kupata zamu. Mimi nilikuwa na mkono mwepesi. Sikumbuki hata siku moja niliyomwachia.

Sasa nafika penyewe, na naona mkono unataka kwenda kutengeneza redio.

Familia yao iliamua kuhamia Uingereza. Harish akaja na mpango: huko kuna kampuni zinachapisha gemu za vijana kama sisi, yeye atazipelekea kaseti yetu, na mtu akiifungua majina yetu yatatokea kwanza, juu ya lori. Nilifurahi hata ugali haukupita. Kisha Jumapili moja nikafika stoo nikamkuta ameshaiwasha, na pale palipokuwa pameandikwa HARISH NA KIMANI, sasa pameandikwa H NA K.

Alinieleza bila hata kugeuka. Alikuwa amerekebisha breki za lori, breki zikala memori, ikabidi apunguze herufi mahali. Na mimi nilijua ni kweli, Njoki. Ndiyo maana naandika kwa hasira hivi. Nilijua kabisa ni kweli, mimi mwenyewe niliyeiondoa mvua ili ng'ombe wangu apite. Lakini nikasimama pale nikijiuliza nani atanijua mimi ndani ya K. Nakuru nzima imejaa K. Na H kwa nini itangulie? Jioni nikamlalamikia jirani yetu mmoja, akanijibu bila hata kufikiri kwamba hao watu wakiondoka huwa hawaachi kitu. Hakumjua Harish. Hakujua kompyuta ni nini. Lakini neno lake lilinikaa vizuri kwa sababu lilikuwa likisema nilichotaka kusikia.

Gemu ilikuwa kwenye kaseti mbili, nakala mbili za kitu kile kile, na tangu Jumapili ile zote mbili nilikuwa nazitunza mimi nyumbani, ndani ya mkebe, kwa sababu vumbi la unga lilikuwa limeshaua kaseti kadhaa pale stoo. Safari ilipokaribia Harish akaniomba nimletee zote mbili. Sasa nisikilize vizuri. Kila kaseti ina vijitundu viwili mgongoni vyenye vifuniko vidogo vya plastiki. Ukivivunja, kaseti hiyo haiwezi kurekodiwa tena juu yake. Vya kaseti zetu tulikuwa tumevivunja sisi wenyewe, kwa sherehe, tukanywa soda. Ukitaka kuifuta kaseti kama hiyo ni lazima ukae chini, ukate karatasi, uikunje mpaka iwe nene, uishindilie kwenye tundu. Hakuna mtu anayefanya hivyo kwa bahati mbaya.

Mimi nilifanya. Nilirarua ukurasa wa daftari, nikaukunja, nikaushindilia, nikaweka kaseti moja kwenye redio ya nyanyako. Kulikuwa na kipindi cha salamu. Nyinyi mna simu, hamjui hayo mambo. Mtu alinunua kadi dukani, akajaza jina lake na majina ya anaowasalimia, akaiposti, kisha akasubiri wiki nyingi mtangazaji aisome nchi nzima isikie. Basi nilibonyeza vitufe viwili, salamu zikaanza kuingia juu ya lori letu, na mimi nikatoka nje nikapasua kuni. Sikuweza kukaa mle ndani. Nilipasua kuni za wiki mbili.

Hiyo ndiyo kaseti niliyompa Harish, asubuhi yao ya kuondoka, gari limeshapakiwa mbele ya duka. Ya pili nilimwambia imeliwa na redio. Alinisikitikia. Akaipokea ile moja kwa mikono miwili akaiweka mfuko wa shati, na baba yake akanipa magunia kumi nimpelekee babu yako.

Wakaondoka, na kompyuta ikaondoka nao. Ndipo akili ikanirudia. Mimi nina kaseti, sina mashine. Yeye ana mashine, hana kaseti. Nakuru sikumjua mtu mwingine mwenye kompyuta kama ile. Nilikaa na gemu yangu ndani ya mkebe na hakuna mahali popote pa kuichezea. Mpaka leo nikifikiria akili niliyotumia siku ile natamani kumkamata yule kijana nimzabe kofi.

Baada ya miezi barua yake ilifika. Nilijua anachosema: kwamba ameweka kaseti kwenye mashine akasikia upuuzi, na kwamba mimi ni mtu wa namna gani. Niliitia kwenye jiko bila kuifungua. Shikilia hapo, nitarudi kwa hiyo barua.

Watu wakaanza kuniuliza gemu yetu ilifikia wapi. Nikasema Harish ameenda nayo. Halikuwa neno gumu. Nilipomwoa mama yako nikamwambia hivyo hivyo, akanihurumia. Wewe ulipokua ukawa mtoto wa maswali, nikakusimulia na nikaongeza chumvi. Kaseti uliyoikuta kwenye mkebe nikakuambia ni nakala mbovu aliyonibakishia mwizi. Ukaipenda. Ukaiandika na kalamu yako, Gemu ya Baba. Kila mtoto ana doli lake, wewe ulikuwa na kaseti.

Na sasa Januari. Sitaki kuizungumzia Januari, ile ya vita baada ya uchaguzi, hakuna mtu Nakuru anayetaka, lakini hili siwezi kuliruka. Tulipotoka nyumbani Kaptembwo mbio, kila mtu alipewa kitu cha kubeba, na wewe ulipewa mablanketi. Tulifika kanisani, mama yako akauliza mablanketi yako wapi, ukafungua koti tukaona mkebe. Nilikufokea mbele ya watu wote. Nilisema maneno ambayo baba hasemi. Wewe ukanijibu kwa upole, hata hukulia.

"Baba, blanketi tutanunua ingine. Hii hakuna mahali inauzwa."

Ulidhani nimekasirika kwa sababu ya baridi. Nilikasirika kwa sababu mtoto wangu alirudi ndani ya nyumba, siku kama ile, kuokoa uongo wangu.

Halafu siku ya pili pale kanisani wanaume tulikaa pamoja, hatuna la kufanya, na kila mmoja akaanza kusimulia walichochukuliwa na watu wa kabila lile, na wa kabila hili, tangu zamani. Ikafika zamu yangu. Njoki, nilisimulia Harish. Nilisimulia vizuri, na kona ya tatu nikaitia, watu wakatikisa vichwa. Mzee mmoja ambaye hajawahi kugusa kompyuta akasema, "Hao wote ni hivyo tu." Lilikuwa lile lile neno la jirani yangu wa zamani, na safari hii ni mimi niliyeliita. Wewe ulikuwa umekaa hapo na mkebe mapajani, unanisikiliza. Sijawahi kujichukia kama saa ile. Na bado sikusema. Tulirudi nyumbani, tukapaka rangi mlango mpya, nikanyamaza miezi minane mingine.

Sasa turudi kwa karatasi yako.

Harish ameandika pale jukwaani kwamba anamtafuta Kimani wa Nakuru. Kwamba alipofika Uingereza aliweka kaseti kwenye mashine, ikakataa, akaitia kwenye redio ili asikie kasoro iko wapi, akakuta watu wanasalimiana kwa Kiswahili. Alikuwa karibu kuizima. Kisha mtangazaji akasoma kadi ya Kimani wa Nakuru, anayemsalimia Harish wa duka la magunia, na baba yake, na mzee wa kinu cha unga, na ujumbe wake ni tukutane kona ya tatu. Ndipo Harish akakitoa kwenye tundu kile kikaratasi kilichokunjwa, akaelewa kwamba nilikusudia. Ameandika kwamba gemu wangeweza kuandika nyingine, lakini rafiki yake aliamua kuifuta ili ampe sauti ya nyumbani aende nayo. Kwamba miaka ya kwanza, ya baridi na upweke, aliisikiliza mpaka ikachakaa. Kwamba aliniandikia kunishukuru, sikumjibu, na anatumaini niko salama baada ya aliyoyaona kwenye televisheni mwezi wa kwanza. Na wenzake wa jukwaani wakamjibu mmoja baada ya mwingine kwamba wangetamani kuwa na rafiki kama mimi.

Kama mimi. Nilikuwa na chai mkononi.

Ile kadi naikumbuka. Niliijaza na kuiposti wiki nyingi kabla, wakati tukiwa sawa, kabla ya H na K. Nilikuwa nimeshaisahau. Kipindi kilipoisoma mimi nilikuwa nje napasua kuni ili nisisikie ninachofanya. Miaka ishirini nimebeba wizi, kumbe mwenzangu amebeba zawadi, na wote wawili tumebeba kaseti ile ile. Ningeifungua ile barua badala ya kuitia jikoni, ningejua kabla hujazaliwa. Ulipokuwa unanisomea nilikasirika, na uliona, na hukujua nakasirikia nini. Nilimkasirikia yeye. Mtu unamwibia, anakaa anatafuta sababu ya kukupenda. Unamfanyaje mtu wa namna hiyo?

Nimejishauri wiki nzima nimwachie tu. Yeye anafurahi, mimi nasifiwa, wewe unapata mwenyeji wa kukupokea. Lakini utaingia nyumbani kwake, mkewe atakupakulia chakula, naye atakusimulia wema wa baba yako, na wewe utakaa hapo na hadithi yangu ya mwizi moyoni, hujui umwamini nani kati yetu. Siwezi kukusafirisha na mzigo huo. Na pia nimechoka, mama. Nimechoka hasa.

Kwa hiyo, ulichoniuliza. Mwambie hivi, na umwambie kabla hujala chakula chake. Mwambie Kimani hakumpa zawadi. Mwambie nilikasirika kwa sababu ya herufi, na nikaifuta gemu ili asiondoke nayo, na salamu zile zilijiingiza zenyewe. Mwambie barua yake niliichoma. Mwambie nimekuwa nikimwita mwizi mbele ya mke wangu, mtoto wangu, na mbele ya wageni kanisani. Usipunguze makali. Najua wewe utataka kupunguza, una moyo wa mama yako. Akikasirika, mwache akasirike, ni haki yake na imechelewa. Akikufungia mlango, chuo kina mabweni, na kosa si lako.

Halafu mpe kaseti. Si nakala mbovu, Njoki. Ndiyo ile nzuri. Gemu imerekodiwa mara mbili upande wa kwanza, vifuniko vya vijitundu vyake vimevunjwa na hakuna karatasi ndani. Huenda imekufa, miaka ishirini ni mingi, na mkebe umepita mengi. Lakini mwaka jana, mama yako akiwa kanisani, niliiweka kwenye redio ya mteja, sauti chini kabisa. Bado inapiga kelele. Nilikaa hapo kwenye kibanda nikasikiliza dakika zote saba, na sasa usimwambie mtu yeyote wa jukwaani uso wangu ulichofanya.

Ndani ya mkebe, chini ya kaseti, utakuta na kadi ya salamu. Nilizunguka mji mzima kuitafuta, vijana wa maduka hawaijui tena, mpaka nikaipata kwa mama mmoja mwenye karatasi zimekaa mpaka zikawa za manjano. Nimeijaza. Safari hii namwandikia nikijua ninachofanya. Mpe baada ya kumwambia yote, si kabla.

Barua hii naiweka juu ya nguo zako, uisome leo leo. Ukimaliza, niko sebuleni. Uliza unachotaka. Kofia nimeifungia kabatini na ufunguo nitampa mama yako mkirudi tu.

Na lori likiwaka huko Leicester, hata kama ni kwa dakika moja kabla halijakwama, wewe usiguse vitufe. Mwache Harish aendeshe kwanza.

Baba yako,
K